Nani anakuletea behewa siku ya Jumanne?

Kijana mmoja wa Nyegezi kaniuliza swali, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo mzee. Tuko kikundi cha watu 34, wengine tunapeleka watalii Serengeti, wengine wana malori, tunaweka akiba kila mwezi. Nimeona Marekani kuna reli fupi fupi, siku za kazi zinavuta mizigo ya pale pale mtaani, wikendi zinapakia familia na watalii kuangalia mandhari. Sasa SGR ikikamilika hii reli ya zamani ya Mwanza mpaka Fela si itapumzika? Tukiomba kale kakipande hatuwezi kufanya hivyo hivyo? Hela ya watalii si inatosha kulipia kila kitu? Na kichwa cha mvuke tunaweza kupata?"

Marahaba kijana wangu. Umeuliza maswali matatu ila naanza na lile la katikati kwa sababu ndio limebeba mengine: hapana, hela ya watalii hailipii kila kitu, na mtu akikuletea mchanganuo unaoonyesha kwamba inalipia, mwangalie vizuri usoni alafu mwulize ameweka wapi gharama ya njia. Watu wengi wakifikiria reli wanafikiria treni, yaani kichwa, mabehewa, honi, dirisha, soda baridi. Mi nimekaa njiani miaka 31, nikisema njiani namaanisha kwenye reli yenyewe na nyundo na kipimo, na ntakwambia treni ni kitu kidogo. Kinachokula hela ni kile kinacholala chini. Wewe ni wa huku utanielewa, reli ni kama ng'ombe, anakula siku unayokamua na siku usiyokamua. Mvua inanyesha haijui kama leo kuna treni. Kokoto zinashuka, majani yanaota, kalavati linaziba, na ile chuma ya kushikilia reli kwenye taruma, lile pande linalolala kukingama chini ya reli, inalegea taratibu mpaka siku moja gurudumu linapita na reli inasogea.

Tupige hesabu ya mfano tu, bei nakuwekea mimi wewe ubadilishe. Una mabehewa matatu, kila moja watu 60, jumla 180. Usijidanganye kwamba yatajaa kila safari, weka nusu, watu 90. Nauli elfu ishirini kichwa, hiyo ni milioni moja na laki nane kwa safari. Jumamosi na Jumapili za mwaka mzima ni kama 104, toa za mvua kubwa, toa siku kichwa kimegoma, toa za msiba na mechi kubwa, umebaki na 80. Milioni 144 kwa mwaka. Ukiisikia hivyo unaona hela nyingi eeh? Sasa shuka chini uangalie njia. Kilomita moja ya reli ina mataruma kama 1,500. Tuseme kipande chako ni kilomita 20 na kila mataruma kumi moja ni bovu, na hapo nimekuonea huruma, maana njia ikikaa bila matunzo ubovu unakuwa mkubwa kuliko huo. Moja kati ya kumi ni 150 kwa kilomita, mara 20 ni mataruma 3,000. Chukua milioni 144 yote, usinunue dizeli, usilipe dereva, usilipe bima, usioshe hata kiti, gawanya kwa 3,000: unapata elfu 48 kwa taruma, na hiyo elfu 48 inunue taruma, ilisafirishe, iwalipe vijana wa gangi kutoa la zamani na kuingiza jipya na kushindilia kokoto. Na bado hatujagusa daraja hata moja wala pointi, pale njia inapogawanyika.

Kwahiyo hao Wamarekani wanafanyaje? Hapa ndio penye utamu.

Kwao zamani makampuni makubwa ya reli yalikuwa yamebanwa sana na serikali, bei wanapangiwa, kufunga tawi lisilolipa ni kesi ya miaka. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria inayoitwa Staggers, ikawalegezea. Wakubwa wakaanza kutupa matawi madogo, yale ya kwenda kwenye kinu kimoja cha nafaka na ghala mbili za mbolea, na watu wadogo wakayaokota. Leo hizo reli fupi ni kama 600 na zinashika karibu tatu ya kumi ya mtandao wote wa mizigo wa nchi. Tawi lile lile lililomshinda mkubwa, mdogo analiendesha na kula, sio kwa uchawi, ni kwa sababu watu wake ni wachache na kila mtu anafanya kila kitu. Anayeendesha treni leo, kesho yuko chini anabadilisha mataruma, keshokutwa anamfuata mwenye ghala kumwuliza mbona mwezi huu umetumia malori.

Hela yenyewe inakuja hivi. Behewa linatoka mbali, labda kilomita elfu mbili, limevutwa na kampuni kubwa mpaka kwenye makutano. Pale reli fupi inalipokea, inalivuta kilomita zake kumi kumi na tano za mwisho mpaka mlangoni kwa mteja, na inapata fungu lake kwa kila behewa. Sio nauli ya mtu, ni behewa, na behewa la kwao likijaa ni tani 130 hivi. Watu 90 kwa uzito wao wote hawafiki tani saba. Ukiweka hivyo vitu viwili kwenye mzani utaelewa mwenyewe kwanini mwenye reli fupi akiamka asubuhi anawaza mbolea kabla ya mtalii.

Na serikali yao inasaidia, tusifiche. Kuna unafuu wa kodi wa kurudishiwa asilimia 40 ya hela uliyotumia kutunza njia, kikomo dola 3,500 kwa kila maili. Kwahiyo ukisikia wamefanikiwa, jua kuna mkono uko chini ya mzigo pamoja nao.

Chukua Arcade & Attica, iko jimbo la New York upande wa mashambani. Mwaka 1917 reli ilikuwa imefilisika, wenyeji wakachangishana wakainunua wenyewe, wakulima na wenye maduka, watu kama hicho kikundi chako cha 34. Wakabeba vitu vya shamba. Mwaka 1957 mafuriko yakakata upande wa kaskazini, wakakiacha hicho kipande, wakabaki na kama maili 15. Mizigo ikawa inapungua, ndipo mwaka 1962 wakaongeza treni ya kutalii yenye kichwa cha mvuke. Angalia huo mpangilio: miaka 45 ya mizigo kwanza, alafu abiria wa kutalii wakaja kushikilia upande uliokuwa unalegea. Abiria waliikuta njia imeshalipiwa, hawakuijenga.

Najua utanibishia, kuna mtu atakwambia mbona Strasburg. Ni kweli, Strasburg iko Pennsylvania, hati yake ni ya mwaka 1832, ni fupi kama kidole, kilomita 7 na kidogo, inatoka kamji ka Strasburg inaenda kugusa reli kubwa pale Leaman Place. Kufika 1958 ilikuwa inakufa, wapenzi wa reli wenye kazi zao zingine wakainunua, mwaka 1959 wakaanza kupakia watalii, 1960 wakarudisha mvuke. Pale watalii ndio waliotangulia, na mizigo ikaja kukua miaka mingi baadaye, mpaka leo wana sehemu ya kushushia na kupakia kati ya lori na behewa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikutegemea reli: ile sehemu ni nchi ya Waamishi, wale wakulima wa mikokoteni ya farasi, na watu walikuwa wanamiminika kuwaangalia tayari, reli ikawawekea tu mlango. Na karakana yao wameigeuza biashara, wanatengenezea wengine maboila na magurudumu. Kwahiyo ukiangalia vizuri hata Strasburg wanakula kwa mikono mitatu.

Ndio maana sikuulizi "watalii au mizigo". Nakuuliza nani tayari anapita mlangoni kwako.

Kabla sijarudi Mwanza kuna jambo lingine la kwao linanifurahisha kama mtu wa njia. Wana kiwango cha njia mbovu kabisa inayoruhusiwa, unaweza kupitisha mizigo kwa mwendo usiozidi kilomita 16 kwa saa, mwendo wa baiskeli, na hairuhusiwi kupitisha treni yenye abiria hata mmoja. Ukitaka abiria lazima upandishe njia kiwango kimoja juu. Sasa fikiria mwenye reli fupi anayebeba mbolea tu kwa njia mbovu, anaingiza hela, siku akisema nataka na watalii, kabla hajauza tiketi ya kwanza anatakiwa atengeneze njia yote. Abiria ndio anakupandishia gharama, na anakuja wikendi tu. Ila njia ikishakuwa nzuri mizigo nayo inafaidi, behewa haliangukianguki, kwahiyo wenye akili wanaitumia ile treni ya watalii kama sababu ya kujilazimisha kutunza reli. Hilo ni jambo zuri, ila linahitaji mtu mwenye hela ya kutangulia.

Haya, Mwanza.

Reli hii ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, upana wake mita moja kamili. SGR upana wake ni milimita 1,435. Watu wanaongea hizi mbili kama barabara ya vumbi na ya lami, kwamba gari linahama tu. Haihami. Behewa la mita moja halipandi SGR na la SGR halipandi huku. Reli fupi ya Marekani inaishi kwa sababu upana wake ni sawa na wa mkubwa, behewa linapita makutano bila kuguswa. Wewe ukipewa Mwanza mpaka Fela peke yake, na kule kusini kwa Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka, mpaka Isaka njia ya zamani ikaachwa iote majani, umepewa kisiwa. Una reli nzuri isiyo na mlango. Kwahiyo swali lako la kwanza kwa wenye reli lisiwe mtatupa Fela, liwe mabehewa ya mita moja yataendelea kufika Fela kutoka kusini au hapana.

Ila kuna sehemu moja ambayo Mwanza ina kitu Arcade hawana wala Strasburg hawana, na ni Mwanza Kusini, pale bandarini Igogo. MV Umoja. Ile meli ina reli ndani, inabeba mabehewa 22, na reli zake ni za mita moja. Inavuka mpaka Port Bell kule Uganda na mabehewa yakishuka yanaendelea na safari kwa reli ya kule. Mwaka 2018 njia hiyo ya Dar, Mwanza, Port Bell ilifufuliwa baada ya kulala miaka kama kumi. Kama hujawahi kuona behewa likiingia melini nenda ukaone, na usiende kama mtalii, nenda kama mwenye biashara. Utaona kichwa hakipandi kwenye lile daraja la kuingilia, kizito mno, wanaweka mabehewa matupu katikati kama fimbo ndefu ya kusukumia. Alafu hawajazi upande mmoja wakamaliza ndio waende mwingine, wanaingiza mawili kushoto, wanatoka, shanta, yule anayepanga mabehewa, anapiga pointi, wanaingiza mawili kulia, meli inalala kidogo huku inarudi, inalala inarudi, na yule anayesimamia anaangalia maji ubavuni zaidi hata ya kuangalia mabehewa. Kazi hiyo ya kusukuma taratibu, kupanga, kugeuza, kulala macho kwa kichwa kimoja kidogo, hiyo ndio kazi halisi ya reli fupi. Mkubwa mwenye vichwa vikubwa vya masafa marefu inamchosha, anaiona kero, mdogo anaweza kuifanya kwa vijana kumi na kichwa kimoja cha kushanti.

Sasa unaona ninakokupeleka. Biashara yako, kama ipo, iko kati ya Fela na maji. Kama mzigo wa Uganda utafika na SGR, mtu atatakiwa kuuhamisha kutoka behewa pana kwenda jembamba na kuuvuta mpaka melini. Kama utaendelea kuja na reli ya zamani, mtu atatakiwa kuupokea na kuupanga. Njia zote mbili kuna kilomita chache za mwisho zenye usumbufu, na usumbufu ndio bidhaa ya reli fupi. Simenti, mbolea, mafuta, chumvi, ngano, vitu vizito visivyooza. Samaki sahau, sangara anataka barafu na haraka, na soko la Mwaloni liko Kirumba, reli haifiki.

Mzigo huo ukiwepo, ukawa unalipia njia Jumatatu mpaka Ijumaa, hapo ndio treni yako ya Jumamosi inaanza kuwa na maana, kwa sababu sasa unailipisha dizeli, watu, bima na usafi tu, na ile milioni 144 ya mfano inaanza kuonekana hela kweli.

Na bidhaa unayo nzuri kuliko unavyojua, ila unaiuza vibaya. Wengi wakinieleza mpango kama wako wanasema treni itoke asubuhi saa tatu, ifike Fela, watu wale wali, warudi mchana. Kijana, mchana Mwanza jua linapiga mabati ya behewa mpaka mtu anatafuta mlango. Ziwa liko upande wa magharibi wa njia. Ukitoka Mwanza kwenda kusini ziwa liko mkono wa kulia, ukirudi liko kushoto, na jua huku linazama kama saa 12 na dakika 45 jioni. Toka saa tisa alasiri, Fela watu washuke, wanyooshe miguu, wanunue karanga na mahindi kwa akina mama, mrudi taratibu, mhakikishe mnaingia Igogo jua linagusa maji na mitumbwi inatoka na karabai. Tiketi za upande wa kushoto wa kurudi uza ghali zaidi. Ila usimdanganye mteja kwamba safari nzima ni ziwa, sio. Ziwa ni kipande cha mwanzo na cha mwisho, katikati ni mawe na majaruba, sema hivyo kwenye tangazo, mawe yetu yaliyobebana yanatosha kabisa mtu kulipa. Na usimwahidi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kuna mmoja aliniandikia treni ya Bulabo, zile ngoma za Wasukuma, wazo tamu, lakini Bujora iko Kisesa, barabara ya Musoma, reli haiendi huko, utakodi mabasi na faida yote itaishia kwenye mabasi.

Kitu ambacho hujaniuliza ila lazima nikwambie ni watu. Nenda Igogo saa mbili asubuhi usimame kwenye reli. Wanafunzi wanapita juu ya reli kama njia ya miguu, mama ameanika dagaa kwenye kokoto, mtu anatengeneza viatu amekalia reli, boda inakatiza na mkaa. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, lakini wewe na mimi tunajua hizo mita ziko wapi. Wamezoea treni chache, na ratiba wanaijua kwa mwili, wanajua leo hakuna. Sasa wewe uwaletee treni ya Jumamosi jioni isiyo na mazoea, imejaa watu wanapiga picha. Kilomita hizo za mjini unaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, kijana mwenye bendera nyekundu kila kivuko, honi muda wote, na miezi mitatu kabla uwe umekaa na wenyeviti wa mitaa. Hela ya bendera na vikao iweke kwenye bajeti kabla ya hela ya mapazia.

Vibali nisikuchoshe. Njia ni ya TRC, shirika la reli, usalama na leseni ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na ushauri wangu usiombe kumiliki reli. Omba kufanya kazi juu ya reli yao, kushanti kwa mkataba, na siku za wikendi kukodi nafasi ya kupita. Ukiomba umiliki umeomba na yale mataruma 3,000. Mfano wa kwamba reli ya zamani inaweza kupewa kazi mpya nchini hapa tunao, treni ya Mwakyembe pale Dar, mwaka 2012 walichukua njia iliyopo na mabehewa yaliyopo wakaanza kubeba watu wa Ubungo asubuhi na jioni. Hawakujenga reli. Walipanga muda.

Ngoja nikupe na langu moja ili usidhani naongea vitabuni. Miaka ya nyuma kampuni moja, jina nalihifadhi, ilikodi mabehewa mawili kwa safari ya kupumzika ya wageni wake, nikaitwa kukagua njia. Njia ilikuwa salama nikasaini. Tulipofika stesheni ya kugeuzia, kichwa kilitakiwa kizunguke kije mbele kwa ajili ya kurudi, ila kwenye njia ya pili palikuwa na behewa la mizigo limesimama, breki zimeng'ang'ania, hakuna aliyeuliza siku moja kabla. Masaa mawili na dakika arobaini tulikaa pale. Maji ya choo yakaisha dakika ya ishirini kwa sababu tangi lilijazwa nusu, aliyetumwa kujaza aliona mita ya nje inaonyesha imejaa hakuipiga na ngumi kuisikia. Wageni walikuwa wapole mpaka yalipoisha maji. Baada ya hapo sijawahi kuona watu wazima wakikasirika vile, na ziwa zuri liko pale pale linawaangalia. Hawakurudi tena na sikuwalaumu. Kwahiyo mandhari ni ya kumvuta mtu mara ya kwanza, ya pili inategemea tangi.

Kuhusu mvuke, hapana, na nasema hivyo huku naipenda. Marekani boila la treni linafunguliwa lote na kukaguliwa kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, inategemea ipi imetangulia, na kazi hiyo inameza hela ya miaka. Unahitaji fundi wa boila, maji safi yasiyo na chokaa, kuni au mafuta, na mtu wa kuamka saa tisa usiku kuwasha ili saa nne iwe tayari. Ukitaka kuona mvuke mkubwa wa Afrika Mashariki nenda makumbusho ya reli Nairobi, kipo kichwa namba 5918, kimoja kati ya vile 34 vilivyopewa majina ya milima, chenyewe kinaitwa Mount Gelai, mlima wetu huo, uko upande wa Natron. Kiguse, piga picha, rudi nyumbani ukodi kichwa cha dizeli.

Mnaanzaje? Msikusanye hela bado. Chagueni watu wawili wasio na haraka, wapate ruhusa getini Mwanza Kusini, wakae pale Jumanne nne mfululizo na daftari. Nasema Jumanne kwa sababu Jumatatu watu wanamalizia ya wikendi na Ijumaa kila mtu anataka kuondoka, Jumanne ndio siku isiyodanganya. Waandike behewa ngapi zimeingia, zimebeba nini, zimekaa muda gani bila kuguswa, lori ngapi zimetoka na mzigo gani ambao ungeweza kuwa kwenye behewa, na mwenye mzigo ni nani. Hiyo "zimekaa muda gani" ipigeni mstari. Behewa lililokaa siku tatu likisubiri kusukumwa mita mia nne ndio mteja wenu, huyo ndio mkamwulize yuko tayari kulipa kiasi gani lisogee leo. Mkimaliza Jumanne ya nne nipigieni nije tulisome hilo daftari pamoja, chai mtanunua nyie. Na wavae viatu vya kufunga, sio ndala, kokoto za pale zinakata.